Kalamu ya tableti ao kipanya: linda mkono unaotengeneza picha



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia ya kazi, viatu vyenye chuma, miwani na glavu. Tumesema juu ya mwamba unaoanguka na waya wa umeme usiofunikwa. Leo tunasema juu ya ajali isiyotoa damu wala kupiga kelele. Mtu analala mzima. Katikati ya usiku anaamka: kidole gumba, kidole cha kuonyeshea na kidole cha kati vimekufa ganzi. Anatikisa mkono, ganzi inapungua, analala tena. Kesho ni vile vile. Kisha miezi kupita, kikombe cha chai kinamponyoka mkononi.

Mtu huyu hakupigwa na jiwe. Anatengeneza picha kwa kompyuta, na kila siku anakamata kipanya saa nyingi bila kupumzika.

Kazi hii imeingia katika kambi zetu na katika site. Kijana ana kompyuta: anatengeneza picha za kadi, za ndoa, za komunyo na za matanga. Baba mkubwa aliye kwenye pansio anamletea picha moja tu aliyobakiwa nayo ya marehemu baba yake, amevaa kofia ya kazi. Picha imekunjwa mara nne, imeliwa na unyevu, naye anaomba irudishwe kuwa mpya. Katika biro za kazi pia, wako wachora ramani na wale wanaotayarisha picha za mashine kwa ajili ya ripoti. Wengi wanauliza: inafaa kuacha kipanya na kununua tableti yenye kalamu? Soma mpaka mwisho, mbele ya kutoa franga zako.

KIPANYA KINAOMBA NINI KWA MKONO WAKO?

Fanya jaribio hili sasa hivi. Weka mkono wa kuume juu ya meza, kiganja kikitazama chini, kama mtu anayekamata kipanya. Kwa mkono wa kushoto, shika sehemu iliyo kati ya kisukusuku na kifundo cha mkono. Ndani yake kuna mifupa miwili. Kiganja kikitazama chini, mfupa mmoja unapita juu ya mwingine, na nyama inakazwa. Sasa geuza mkono, kidole gumba kitazame juu, kama unapomsalimia rafiki. Mifupa inalala sambamba, na nyama inalegea. Umesikia tofauti?

Kipanya kinakuomba mambo matatu kwa wakati mmoja:

Kwanza, kifundo kinapindwa kwenda juu, na sehemu ya chini ya kiganja inagandamizwa kwenye meza.

Pili, kidole cha kuonyeshea kinakaa kimeinuliwa, tayari kufinya kitufe. Hata wakati hakifinyi, mishipa yake inafanya kazi.

Tatu, klaviye ndefu inasukuma kipanya mbali upande wa kuume. Mkono unanyooshwa kwenda pembeni, na bega linabeba uzito wake toka asubuhi mpaka jioni.

Kwa barua moja, hilo si neno. Lakini kutengeneza picha si kuandika barua. Tuseme ile picha ya zamani ina madoa na mikunjo inayoomba miguso 600. Kila mguso ni kusogeza, kusimamisha, kufinya na kuachilia. Fanya hesabu mwenyewe: picha tano za namna hiyo ni miguso 3.000, na kidole ni kile kile kimoja.

NDANI YA KIFUNDO CHA MKONO

Katika kifundo, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba. Chini na pembeni ni mifupa midogo. Juu ni mkanda mgumu wa nyama. Ninyi mnaoshuka chini ya ardhi mtaelewa upesi: ni kama galeri yenye kuta za mwamba na dari isiyopanda. Ndani yake zinapita kamba tisa zinazokunja vidole, pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Mshipa huo ndio unaopeleka habari kwa kidole gumba, cha kuonyeshea, cha kati, na nusu ya kidole cha pete.

Kamba zikisuguliwa sana, zinavimba. Galeri haipanuki. Basi anayebanwa ni mshipa wa fahamu. Hapo ganzi inaanza, hasa usiku, maana mtu akilala kifundo kinajikunja bila yeye kujua. Waganga wanaita ugonjwa huu, kwa Kifaransa, syndrome du canal carpien. Kidole kidogo hakimo katika hesabu hiyo, kwa sababu mshipa wake unapita njia nyingine. Hii ni alama nzuri ya kumweleza mganga.

Kipanya hakina kosa peke yake. Ugonjwa huu unapata pia watu wasiogusa kompyuta. Unapata wanawake kuliko wanaume, mara nyingi wakati wa mimba, na watu wenye ugonjwa wa sukari. Lakini kazi inayopinda kifundo, inayobana vidole kwa nguvu na kurudia mwendo ule ule, inaongeza mzigo. Katika sheria ya Ufaransa, ugonjwa huu umeandikwa kati ya magonjwa ya kazi, katika jedwali namba 57. Jedwali hilo linataja kupinda kifundo kwa kurudia-rudia, kushika kwa kurudia-rudia, na kugandamiza sehemu ya chini ya kiganja.

TABLETI NI KITU GANI?

Tunayosema hapa si ile ya kutazama filamu. Ni ubao mwembamba uliofungwa kwa kompyuta kwa waya, pamoja na kalamu isiyo na wino. Unaandika juu ya ubao, na alama inaonekana kwenye kioo cha kompyuta.

Wengine wanafikiri ni kitu cha jana. Hapana. Kipanya cha kwanza, kipande cha mbao chenye magurudumu mawili, kilitengenezwa Marekani katika 1964 kwa Douglas Engelbart na Bill English. Mwaka ule ule 1964, kompani ya utafiti RAND, ya California, ilionyesha tableti yake yenye kalamu. Basi kipanya na tableti ni wa rika moja. Kipanya kilienea kwa watu kwa kuwa kilikuwa cha bei ndogo. Tableti ilibaki kwanza kwa wachora ramani na mainjinia. Katika 1983 kompani ya Wacom ilianzishwa Japani, nayo ikaitengeneza kalamu isiyohitaji waya wala betri. Programu ya Photoshop, iliyoanzishwa na ndugu wawili, Thomas na John Knoll, ilitoka mwaka 1990, na toka hapo mafundi wengi wa picha walishika kalamu.

Kalamu inafanyaje kazi bila betri? Chini ya uso wa ubao kuna nyaya zinazotoa nguvu ya sumaku. Ndani ya kalamu kuna kizingo kidogo cha waya mwembamba wa shaba, ndiyo shaba yetu unayoijua. Kizingo kinapokea nguvu ile na kuirudisha kwa ubao. Kwa jibu hilo ubao unajua kalamu iko wapi, hata ikiwa imeinuliwa kidogo juu yake. Unajua pia umegandamiza kwa nguvu gani. Tableti nyingi za leo zinapima ngazi 2.048 ao 8.192 za nguvu ya mkono.

KWA NINI PICHA ZINAPENDA KALAMU

Mbele ya kompyuta, mafundi wa studio walisafisha picha kwa brashi nyembamba sana na rangi, na hata kwa penseli juu ya negativu yenyewe. Mkono wao ulijua: ukigusa polepole, rangi ni nyepesi, ukigandamiza, ni nzito. Kipanya kiliondoa akili hiyo ya mkono. Kitufe cha kipanya kinajua maneno mawili tu: ndiyo na hapana.

Kalamu inarudisha akili hiyo. Chukua tena picha ya babu mwenye kofia. Mkunjo mmoja unapita juu ya shavu lake, kisha juu ya ukuta wa nyuma. Kwenye ukuta unagandamiza, alama inakuwa pana. Kwenye shavu unalegeza, inakuwa nyembamba na nyepesi. Hakuna kwenda kwenye orodha kubadilisha kipimo cha brashi kila mara. Kwa kipanya, kila badiliko ni safari. Kwa kalamu, ni nguvu ya kidole tu. Miguso inapungua, na mkunjo mrefu unaweza kufutwa kwa mstari mmoja mahali pa madoa arobaini.

Tena kuna faida kwa mwili. Mkono unaokamata kalamu unalala kwa ubavu wake, kidole gumba kikielekea juu kidogo. Mifupa ile miwili haipandani sana. Kidole cha kuonyeshea hakikai hewani kungojea. Na tableti, usipoiweka mbali, inakaa mbele ya kifua, hivi bega linapumzika.

LAKINI TABLETI SI DAWA

Hapa, ndugu, sikiliza vizuri, maana wauzaji hawatakuambia.

Mganga mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, alichapisha mwaka 1700 kitabu juu ya magonjwa ya kazi. Sura yake ya kwanza inasema juu ya wachimbaji wa madini. Ndiye aliyefundisha waganga kumwuliza mgonjwa: kazi yako ni nini? Katika chapa ya 1713 aliongeza sura juu ya makarani. Aliona sababu tatu za magonjwa yao: kukaa kitako muda mrefu, mwendo ule ule wa mkono usiopumzika, na akili inayokazwa kwa kuogopa kuharibu hesabu. Akaeleza habari ya mwandishi mmoja aliyeandika siku zote za maisha yake. Mkono wake wa kuume ulianza kuchoka, kisha ukalegea kabisa. Akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Baada ya muda, wa kushoto nao ukashikwa na ugonjwa ule ule.

Unaona? Yule hakuwa na kipanya. Alikuwa na kalamu ya unyoya wa ndege. Alibadilisha mkono, lakini hakubadilisha namna ya kufanya kazi. Mtu anayeacha kipanya ili akamate kalamu saa kumi mfululizo, kwa vidole vilivyokazwa, amehamisha maumivu tu: toka kidole cha kuonyeshea mpaka kidole gumba, toka bega mpaka shingo.

Basi jibu la swali letu la kwanza ni hili: tableti inafaa, ikiwa unatengeneza picha saa nyingi kila juma, na ikiwa uko tayari kubadilisha pia kiti, meza na saa zako. Ikiwa unasafisha picha mbili kwa mwezi, tunza franga zako. Sogeza kipanya karibu na upumzike mara kwa mara.

NAMNA YA KUANZA VIZURI

1. Chagua kipimo kinachofaa. Uso wa kazi unaokaribia karatasi ya A5, yaani milimita 148 kwa 210, unawatosha wengi wanaosafisha picha. Mdogo sana unalazimisha vidole na kifundo kufanya kazi yote. Mkubwa sana unachosha bega, na hauna fasi juu ya meza ya nyumbani.

2. Linganisha ubao na kioo. Vioo vingi leo ni 16 kwa 9. Ikiwa upana unaotumia juu ya ubao ni milimita 160, urefu sherti uwe 90. Usipolinganisha, ukichora duara utapata yai, na mkono utapigana bure na macho. Programu ya tableti ina fasi ya kupanga jambo hili.

3. Weka ubao mbele ya kifua chako, sawa na kioo, si pembeni wala kwa mshazari. Klaviye iende upande wa kushoto. Kama wewe ni mtu wa mkono wa kushoto, pindua mpango wote. Tableti nyingi zinakubali kugeuzwa.

4. Kamata kalamu kama unavyokamata kifaranga cha kuku: asikimbie, lakini asife. Tazama ukucha wa kidole cha kuonyeshea. Ukiwa mweupe kwa kubana, unabana kupita kiasi.

5. Legeza kipimo cha nguvu ndani ya programu, ili mguso mwepesi utoshe. Usiache mashine ikulazimishe kugandamiza kama unayepiga muhuri.

6. Tumia mikono miwili. Wa kuume unachora. Wa kushoto unakaa kwenye klaviye kwa kukuza picha, kupunguza brashi na kurudi nyuma ukikosea. Mzigo unaogawanywa hauvunji mtu.

7. Usiguse picha ya asili. Fanya kazi juu ya nakala ao juu ya tabaka la pili ndani ya programu. Kumbuka neno la Ramazzini juu ya kuogopa kuharibu: anayejua kwamba kosa linafutika anafanya kazi na mkono uliolegea.

8. Tazama ncha ya kalamu. Inalika kama kiatu. Ikipata ubapa wenye makali, inakwaruza ubao na kuuomba mkono nguvu zaidi. Ibadilishe.

Usilazimike kununua programu ya bei kali kwa kuanza. GIMP na Krita ni za bure, na zote mbili zinajua kupokea nguvu ya kalamu.

MASOMO YA SIKU KUMI

Siku za kwanza utachukia kalamu. Sababu yake ni hii: kipanya unaweza kukiinua na kukiweka fasi nyingine, na alama kwenye kioo haitembei. Kalamu ni tofauti. Kila nukta ya ubao ni nukta moja ya kioo: kona ya juu ya ubao ni kona ya juu ya kioo, siku zote. Tena mkono uko chini na macho yako juu. Akili inahitaji siku kadhaa kuviunganisha.

Siku ya 1 mpaka ya 3: dakika 15 tu. Weka nukta kwenye kioo na uziunganishe kwa mistari. Andika jina lako. Usichukue kazi ya mteja.

Siku ya 4 mpaka ya 7: nusu saa. Chukua picha yako mwenyewe, safisha mavumbi na madoa. Jifunze kugandamiza na kulegeza.

Siku ya 8 mpaka ya 10: fanya picha moja nzima ya mteja asiye na haraka.

Kisha hapo, usitupe kipanya. Barua, hesabu na kupanga mafaili, vifanye kwa kipanya. Picha, zifanye kwa kalamu. Kubadilisha chombo katikati ya siku ni kupumzisha mishipa fulani wakati mingine inafanya kazi.

UMEME UNAPORUDI USIKU

Tunajua maisha yenu. Umeme umekatika mchana wote. Unarudi saa 4 ya usiku, na ndoa ni kesho. Kijana anakaa kitako mpaka saa 9 ya usiku bila kusimama, kwa kuogopa umeme usiende tena. Hapo ndipo mikono inaharibika, kuliko kazi ya mchana.

Usiku wa namna hiyo, linda mambo matatu. Weka saa ya simu ilie kila dakika 20: inua macho, tazama kitu kilicho mbali kama metre 6 kwa sekunde 20, fungua na kufunga vidole. Kila saa moja, simama dakika tano, tembea, kunywa maji, zungusha mabega. Na hifadhi kazi kila mara, ili umeme ukienda usipoteze kitu. Anayejua kwamba kazi yake imehifadhiwa hakimbizani na umeme.

Kiti kisikose mgongo. Kisukusuku kiwe karibu na ubavu, kimekunjwa kama kona ya meza. Ukingo wa juu wa kioo uwe sawa na macho, mbali kama urefu wa mkono. Ikiwa kompyuta yako ni ya kubeba, iinue juu ya vitabu na utumie klaviye nyingine. Kuna tableti zinazochorwa moja kwa moja juu ya kioo chake. Ni nzuri, lakini usizilaze juu ya meza, maana shingo itainama saa zote. Zisimamishe kwa mshazari.

MKONO MMOJA, KAZI MBILI

Neno hili ni kwako hasa, wewe unayefanya kazi na mashine ya kutoboa mwamba, ao mashine ya kusagia chuma, kisha jioni unasaidia katika studio ya mtoto wako.

Mtikisiko wa mashine nao unaumiza mishipa ya fahamu na ya damu. Mwaka 1918 mganga Alice Hamilton, wa Marekani, alikwenda Bedford, katika Indiana, kuchungua wachonga mawe waliotumia nyundo za hewa. Aliona vidole vinavyogeuka vyeupe kama vya maiti wakati wa baridi, na kufa ganzi. Nchini Ufaransa magonjwa ya mtikisiko yana jedwali lao, namba 69. Mashine zinazotikisa ziko tena kati ya vitu vinavyoongeza hatari ya ule ugonjwa wa galeri ya kifundo.

Kompani inahesabu saa zako za mchana. Wewe unahesabu franga za jioni. Mkono unahesabu zote pamoja. Saa sita za mashine na saa nne za kipanya ni saa kumi kwa mshipa ule ule. Kama umeshinda na mashine inayotikisa, jioni mwachie kijana kalamu. Wewe pokea wateja, pima karatasi, kata picha kwa zamu ndogo ndogo. Na mganga wa kazi akikuuliza, mwambie kazi zako zote mbili. Usiifiche ya jioni. Akikosa kuijua, atatafuta ugonjwa fasi ambapo hauko.

ALAMA ZA HATARI

Nenda kwa dispansere ao hopitali ukiona mojawapo ya haya:

Ganzi ao miiba katika kidole gumba, cha kuonyeshea na cha kati, inayokuamsha usiku.

Vitu vinakuponyoka, kufunga kifungo cha shati kunakuwa kazi ngumu.

Nyama iliyo chini ya kidole gumba inapungua. Alama hii isingojee hata juma moja.

Vidole vinageuka vyeupe wakati wa baridi.

Kuna jaribio dogo. Kutanisha migongo ya mikono miwili mbele ya kifua, vidole vikitazama chini, ukae hivyo kwa sekunde 60. Ganzi ikija katika vidole vile vitatu, mwambie mganga. Jaribio hili halimhukumu mtu. Maumivu ya mkono yanaweza kutoka hata shingoni, na mganga ndiye atakayechungua.

Ugonjwa ukikutwa mapema, mara nyingi kipande cha kunyoosha kifundo, kinachovaliwa usiku, pamoja na kubadilisha namna ya kazi, vinasaidia. Ukichelewa, inaweza kuomba kupasuliwa ule mkanda ili mshipa upate nafasi. Ukichelewa zaidi, mshipa unaweza usipone kabisa hata baada ya kupasuliwa. Usifunge mkono kwa kamba ya kukaza. Usikubali kuchanjwa kwa wembe ili damu mbaya itoke. Usimeze vidonge vya maumivu kila usiku ili uendelee na kazi. Kidonge kinanyamazisha kengele, hakizimi moto. Na mambo ya haki zako juu ya ugonjwa wa kazi, yaulize kwa mganga wa kazi na kwa CNSS.

Mama, neno hili ni lako pia. Bwana ao mtoto akitikisa mkono usiku, wewe ndiwe unayemwona. Yeye atasema si kitu. Mwambie aende. Na ganzi ikikupata wewe, wakati wa mimba ao baada ya siku ya kutwanga na kufua, usiseme ni uchovu wa kawaida wa mama.

JIULIZE MWENYEWE

1. Leo nimeshika kipanya ao kalamu saa ngapi, ukijumlisha kazini na nyumbani?
2. Tableti yangu iko mbele ya kifua, ao iko pembeni?
3. Ukucha wangu ni mweupe ninapochora?
4. Saa ya mwisho nimesimama mara ngapi?
5. Je, kuna ganzi ninayoificha?

Jibu maswali haya pamoja na watu wa nyumba yako, kisha badilisha jambo moja jioni hii hii: sogeza meza, inua kioo, ao weka saa ilie. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Wateja watakusifu kwa picha nzuri, lakini mkono hauna nakala wala tabaka la pili.

Usalama mwema kwenu wote, kazini na nyumbani.